Naitwa, Sijiiti

Ukurasa wa mwanzo wa karibu kila kitabu cha kujifunzia Kihispania una maneno mawili: "me llamo". Mwanafunzi wa Unguja, wa Pemba, wa Lamu au wa Mvita hukifunua kitabu hicho, ambacho aghalabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wenye Kiingereza chao, na chini ya maneno hayo hukuta ufafanuzi kwamba maana yake hasa ni "ninajiita". Naye huamini. Hukariri kama alivyofunzwa, akajitambulisha mbele ya wageni huku moyoni mwake akitarjumi: ninajiita Asha, ninajiita Salim.

Lakini Kiswahili hakina mchezo na neno hilo. Anayejiita si sawa na anayeitwa. Mtu akisemwa kwamba "anajiita sharifu", msikilizaji hukaa tayari kuambiwa kuwa usharifu huo haujulikani ulikotoka. "Anajiita daktari" ni nusu ya mashtaka. Mwenye jina lake husema "naitwa", kwa sababu jina ni jambo la watu wengine: wazee ndio waliompa, na jirani ndio wanaomwita. Basi "me llamo" ni "naitwa", wala si zaidi ya hapo. Mswahili huyu, katika sentensi yake ya kwanza ya lugha mpya, amefundishwa kujitia shaka mwenyewe. Kosa hilo si la Kihispania wala si la Kiswahili. Ni kosa la njia iliyopitishwa baina ya lugha hizo mbili.

Kihispania kina kijineno kinachofuatana na kitenzi na kubadilika kwa nafsi: "me" kwa mimi, "te" kwa wewe, "se" kwa yeye, "nos" kwa sisi, "os" kwa nyinyi huko Hispania, na "se" tena kwa wao, na kwa nyinyi ya Cuba na Amerika ya Kusini. Vitenzi vinavyobeba kijineno hicho vimepewa jina la vitenzi vya kujitendea, na jina hilo ndilo shina la upotofu. Limemfanya mwalimu aingie darasani na kioo. Mtu anajitazama, mtu anajiosha, mtu anajipamba. Kila mfano una kioo ndani yake. Halafu siku ya tatu mwanafunzi hukutana na "se abre la puerta", akauliza vipi mlango unajifungua wenyewe, na jibu analopewa ni kwamba kila lugha ina maajabu yake, akariri tu.

Hasha. Hakuna maajabu hapo. Mlango unafunguka. Kiswahili kina kauli nzima ya kutendeka, inayofundishwa katika skuli za msingi, na mtoto huijua kabla hajafika skuli. "Se abre" ni unafunguka, "se cierra" ni unafungika, "se rompe" ni inavunjika. Aliyepita madrasa akagusa sarufi ya Kiarabu ana hoja ya pili mkononi, kwani "kasara" ni kuvunja na "inkasara" ni kuvunjika. Mtu wa namna hiyo, mwenye njia mbili za kuliona jambo, ndiye anayekalishwa kitako na kuambiwa kwamba jambo lenyewe ni geni na gumu.

Ni gumu kwa nani? Kiingereza kina kitenzi kimoja, "break", kwa aliyeivunja bilauri na kwa bilauri iliyovunjika. Kina kimoja, "open", kwa anayefungua na kwa kinachofunguka; kimoja, "wake", kwa anayeamka na kwa anayeamsha. Mwingereza anayekwenda kujifunza Kihispania hana budi kufundishwa kwanza kwamba hapo pana mambo mawili, kwa kuwa lugha yake imeyafunika kwa neno moja. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake hutumia kurasa nyingi kwa kazi hiyo, na ni haki yake. Lakini kumpa Mswahili kurasa hizo hizo ni kumnywesha dawa ya maradhi ya mtu mwingine. Yeye hakuugua. Hajapata maishani mwake kuchanganya kuvunja na kuvunjika, seuze mama yake hakumwachia. Bilauri ikianguka jikoni na mtoto akasema "imevunjika", swali linalomjia ni moja tu: imevunjika au umeivunja? Mama wa Sevilla huuliza swali hilo hilo: "¿se rompió o lo rompiste?"

Hapo ndipo pa kuanzia, jikoni, si kwenye kioo. Kwani mtoto yule, akijitetea, hatasema tu kwamba bilauri imevunjika. Atasema imenivunjikia. Na Mhispania mwenziwe atasema "se me rompió". Vitabu huliita tamko hili "se" ya ajali, vikaliwekea sura ya mbali mwishoni mwa kitabu, na vingine huongeza kwa kejeli kwamba watu wa Hispania wana tabia ya kukwepa lawama, wakaisingizia bilauri. Ni dharau, na ni ujinga wa sarufi pia. Anayesema imenivunjikia hakukana kuwa alikuwapo. Amejitaja waziwazi katikati ya kitenzi, amekaa hapo kwa "-ni-" yake, na anachosema ni kwamba mambo yametokea na yeye ndiye yaliyemfika. Viungo vya matamko hayo mawili vinalingana: "-ik-" ya Kiswahili ipo mahali pa "se", na "-ni-" ipo mahali pa "me". Mkate umetuishia ni "se nos acabó el pan". Wali umeniungulia ni "se me quemó el arroz". Gari limemharibikia njiani ni "se le averió el coche". Jambo lililomtoka mtu akilini, "se me pasó", Mswahili huliomba radhi kwa kusema "nimepitiwa", na lugha hizo mbili zimechagua kitenzi kile kile cha kupita bila ya kuulizana.

Naye aliyeondokewa na mzazi, Kihispania husema "se le murió el padre". Kiswahili kina neno moja, amefiwa, na jamaa wote wa msibani wamo ndani yake. Yeyote anayeweza kusema amefiwa hahitaji kufundishwa kwamba kufa kwa mmoja ni tukio la mwingine. Kitabu kinachomfundisha jambo hilo kama ajabu ya Wahispania kimemdharau bila ya kujua.

Jambo hili lina upande wake usio wa darasani. Madaktari wa Cuba wamefanya kazi katika hospitali za visiwani kwa miaka mingi, na wagonjwa wao hawasemi Kihispania wala aghalabu Kiingereza. Mgonjwa husema: mguu unanivimba, mkono unanifa ganzi, mdomo unanikauka, nywele zinaninyonyoka. Kihispania cha nyumbani kwa daktari kina maneno hayo hayo kwa mpango huo huo: "se me hincha la pierna", "se me duerme la mano", "se me seca la boca", "se me cae el pelo". Kiungo ndicho kinachotendeka, na mtu ndiye anayefikwa. Sasa mfikirie mkalimani aliyejifunza Kihispania kwa njia ya Kiingereza. Atausikia mguu unaomvimba mgonjwa, ataugeuza kuwa mguu wangu unavimba, kisha ataupeleka Kihispania hivi: "mi pierna está hinchando". Maana yake ni kwamba mguu wa mgonjwa unakivimbisha kitu fulani ambacho hakikutajwa. Daktari atakisia, kwa kuwa madaktari ni watu wa kukisia, na mguu wenyewe upo mbele yake. Lakini safari ya hatua moja imefanywa ya hatua mbili, na katika hatua ya pili "se" imedondoka baharini.

Katika kisa hicho limo kosa jingine, dogo kwa sura na sugu kwa tabia. Mwanafunzi aliyefuata njia ya Kiingereza husema "lavo mis manos", naosha mikono yangu, kana kwamba pana hatari ya kuosha mikono ya jirani. Mhispania husema "me lavo las manos", asitaje wangu wala wako. Kitabu humwekea mwanafunzi kanuni ya kutotaja umiliki wa viungo vya mwili, naye huihifadhi kama mtu anayehifadhi namba ya simu. Angeulizwa kwa Kiswahili angejibu bila kusita: nanawa mikono. Nani visiwani aliyewahi kusema "nanawa mikono yangu" kabla ya kula? Nimevunjika mkono, "me rompí el brazo". Nimejikata kidole, "me corté el dedo", na hapa hata "-ji-" yenyewe imekaa pale pale inapotakiwa. Hata anayerudi kwa kinyozi husema nimekata nywele, na Mhispania "me corté el pelo", na hakuna katika wawili hao anayedhaniwa kwamba alishika mkasi mwenyewe. Kichwa kinaniuma, "me duele la cabeza", ingawa haimo katika kundi la "se", nayo ni ya ukoo huo huo: kichwa hakina haja ya kuandikiwa hati ya umiliki.

Vivyo hivyo katika kusema bila ya kumtaja msemaji. "Se dice" ni yasemekana. "Se sabe" ni yajulikana, "se oye" ni yasikika, "se ve" ni yaonekana. Katika kuta za miji mingi ya Tanzania huandikwa kwa rangi nzito kwamba nyumba hii haiuzwi. Mhispania angeandika "esta casa no se vende", na hakuna mwenye akili timamu, huku wala huko, angedhani nyumba imekatazwa kujiuza. Zikiwa nyumba nyingi kitenzi hufuata wingi, "se venden casas", nyumba zinauzwa, na Mswahili aliyezoea kupatanisha kila kitenzi na ngeli yake hana kazi ya ziada hapo. Na mtu akifika mlangoni pa wenyewe huko Hispania husema "¿se puede?", yaani yawezekana? Jibu ni "adelante". Anayetaka kujua maana ya maswali na majibu hayo asifunue kamusi. Abishe hodi kwa jirani, asubiri karibu.

Lililo zito kuliko yote, na ambalo vitabu havilisemi kabisa, ni mwelekeo. Kiswahili na Kihispania hukutana katika maisha ya asubuhi, lakini hutokea pande mbili. Mswahili huanza na anayeamka, kisha akamwongezea kitenzi uzito ili kumpata anayeamsha. Lala huzaa laza, keti huzaa ketisha, oga huzaa ogesha, vaa huzaa visha. Mhispania huanza na anayemtendea mwingine, "despertar", "acostar", "sentar", "bañar", "vestir", kisha humwongezea "se" ili kumrudisha mtu kwenye kuamka kwake, kulala kwake, kuketi kwake, kuoga kwake na kuvaa kwake. Palipo na nyongeza huku, kule hapana. Palipo na nyongeza kule, huku hapana. Aliyelishika hilo amelimaliza nusu ya somo, na hahitaji kuhifadhi orodha yoyote. Atajiuliza: hapa ningesema amka au amsha? Ikiwa ni amsha, hakuna "se". Ikiwa ni amka, ipo. Asiyelishika atasema "acuesto a las diez", na kwa masikio ya Mhispania atakuwa amesema: nalaza saa nne. Analaza nani? Mtoto? Mgonjwa? Kiingereza hakiwezi kumwokoa hapo. Jozi moja, inua na inuka, imegawika sawa baina ya pande mbili, "levantar" na "levantarse", na ingefaa iwe ndiyo mfano wa kwanza darasani.

Kisha pana ladha, na ladha ndiyo inayowashinda wengi. Kwa nini Mhispania aseme "me voy" ilhali "voy" ingetosha? Vitabu hujibu kwamba moja ni kwenda na jingine ni kuondoka, na jibu hilo si baya. Lakini Mswahili ana jibu zuri zaidi kinywani: nakwenda zangu. Unakwenda zako, "te vas". Kaenda zake, "se fue". Nafsi hubadilika huku na kule kwa hatua moja, na harufu ya neno ni moja, ya mtu aliyegeuka na kuwapa wenziwe mgongo. Kwa nini Mhispania aseme "se tomó un café", na vitabu viseme kwamba "se" hiyo haina kazi? Ina kazi. Mzee amejinywea kahawa yake barazani. "-Ji-" hiyo na "-e-" ya kutendea iliyo nyuma yake zimeleta starehe yote ya kikombe kile. Anajilalia, anajiendea, anajisemea, amejifia: kila mmoja wa vitenzi hivi una jirani wake katika Kihispania, na "se murió" ya mtu aliyekufa kwa amani kitandani mwake ipo karibu mno na amejifia kuliko ilivyo karibu na neno lolote la Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili nacho kitamwingiza mwanafunzi makosani. Kweli, na makosa yenyewe yanafaa kutajwa kwa majina yao. La kwanza ni kwamba "-ji-" haibadiliki: ninajiona, unajiona, anajiona. Mwanafunzi anayeichukua kama ilivyo atasema "yo se lavo", na atachekwa. La pili ni "hacerse". Kwa sura ni kujifanya, na mara nyingine ndivyo ilivyo hasa: "se hizo el sordo", alijifanya kiziwi. Lakini "se hizo médico" si alijifanya daktari, bali amekuwa daktari, kwa kusoma na kwa haki, na anayekosea hapo atakuwa amemtukana mtu aliyekesha miaka sita. La tatu, Kiswahili hutenga kujitazama na kutazamana, ilhali "se miran" ya Kihispania yaweza kuwa yote mawili mpaka iongezewe maneno. Hapo Mswahili ndiye tajiri na itambidi ajifunze kuishi kwa mkono mwembamba. La nne ni kwamba si kila "-ji-" ina mwenziwe: kujifunza ni "aprender" tu, na anayesema "me aprendo" amesema kwamba anahifadhi kwa moyo. Na ipo "-ji-" isiyo "-ji-" kabisa, ya jitahidi, ambayo ni kipande cha Kiarabu cha ijtihadi kilichovaa kanzu ya Kibantu. Kwa bahati, au kwa kichekesho cha lugha, Kihispania chake ni "esforzarse", na "se" imo.

Makosa hayo yote yana sifa moja ambayo makosa ya njia ya Kiingereza hayana. Mwanafunzi anaweza kuyaona mwenyewe. Lugha mbili zikiwekwa bega kwa bega, pale zinapoachana panaonekana, na mtu akipaona mara moja hapasahau. Aliyepitishwa kwenye lugha ya tatu haoni zilipoachana wala zilipokutana. Anaona kanuni, na kanuni zikizidi ishirini huanza kuliana.

Swali la nani huko visiwani anayehitaji Kihispania halina haja ya jibu refu. Watembezaji wageni wa Mji Mkongwe wanakihitaji, na wengi wamejifunza kwa masikio, nao aghalabu ndio wasio na kosa la "mis manos", kwa sababu hawakufungua kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwapo vijana wa Zanzibar waliokwenda Cuba, na lugha waliyoikuta huko ndiyo hii. Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru mwaka 1968, hutumia Kihispania. Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walipoyapitisha marekebisho ya mkataba wa Umoja wa Afrika, Kihispania na Kiswahili viliingizwa pamoja katika orodha ya lugha rasmi, katika kifungu kimoja. Lugha mbili zilizoandikwa katika mstari mmoja hazistahiki kujuana kwa barua ya mtu wa tatu.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni ya wapenzi wa mashairi. Neruda wa Chile, García Lorca wa Hispania na Guillén wa Cuba ni majina yanayotajwa sana katika vikao vya washairi, na mtu anayetaka kuwatarjumi hushika nuskha ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Chukua mfano usiokuwa wa mshairi yeyote, tamko la mtu aliye bustanini mwake: "se me murió la rosa". Kiingereza hakina mahali pa kumweka mfiwa ndani ya kitenzi, hivyo humtoa nje na kumpa hati ya mali: waridi langu limekufa. Mtarjumi wa Kiswahili hulipokea hivyo, akahesabu, akakuta mizani tisa, akaanza kukata na kubana ili aingie katika kipande cha nane. Laiti angelipokea kutoka kwa mwenyewe angesema: waridi limenifia. Mizani nane, kipande kizima, bila ya kukatwa herufi moja, na huzuni imo ndani ya kitenzi mahali ilipokuwa tangu mwanzo. Kilichopotea njiani hakikuwa pambo. Ni tofauti baina ya mwenye waridi na aliyefiwa na waridi, na shairi zima laweza kusimama au kuanguka juu ya tofauti hiyo. Washairi wa pwani wamekuwa wakifiwa, wakiishiwa, wakipotelewa na kuondokewa katika beti zao tangu zama ambazo hazina tarehe. Hawana haja ya kufundishwa lugha ya msiba na kamusi ya nchi ambayo lugha yake haimweki mfiwa ndani ya kitenzi.

Yapo pia ya kuwaambia wasemao kwamba vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza na hakuna la kufanya. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyeishi na kufa Santiago, alikuta sarufi ya Kihispania ikifundishwa kwa mavazi ya Kilatini. Vitenzi vililazimishwa kuingia katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya lugha nyingine, na pale visipoingia mwanafunzi ndiye aliyelaumiwa. Bello hakusubiri ruhusa ya Madrid. Mwaka 1847 alitoa sarufi yake, na katika anwani yake akaandika wazi kwamba ni kwa matumizi ya watu wa Amerika, akakataa kuitazama lugha yake kwa miwani ya Kilatini. Kitabu hicho husomwa hadi leo, na Wahispania wenyewe hukirejea. Visiwani hakutakiwi kitabu kikubwa kama hicho. Kinatakiwa kijitabu cha kurasa arubaini, kilichoandikwa na mwalimu mwenye Kihispania cha kutosha na Kiswahili kisichoona haya.

Hoja kwamba mwalimu wa namna hiyo hapatikani haina nguvu, kwani kazi yenyewe imekwisha kufanywa nusu na majina ya kauli ambayo kila mtoto wa skuli huyataja: kutendeka, kutendana, kutendewa, kutendesha. Yamekaa madaftarini yakisubiri kutumiwa kwa lugha nyingine, badala ya kujibiwa katika mtihani na kusahauliwa. Ukurasa wa kwanza una "naitwa". Jozi za amka na amsha pekee zitajaza ukurasa wa pili. Ukurasa wa umetuishia, limeniharibikia na umeniungulia waweza kuandikwa na mpishi yeyote, mradi mtu amkalie karibu na kalamu siku ambayo wali umemshika chini ya sufuria.